Kusafisha seva za taasisi zetu: programu kuukuu na dhima ya amana

 

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yaliyotufikia katika safu hii ni la mjumbe wa kamati ya shule moja ya Kiislamu huko Kilwa Masoko. Anaeleza kwamba shule yao ina kompyuta inayohudumia nyingine zote, yaani seva, na ndani yake mna majina ya wanafunzi, matokeo yao, hesabu za ada na orodha ya wafadhili wanaosomesha mayatima. Kwa miaka kadhaa mfumo umebadilishwa na mafundi watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekuja aliweka wake bila kuuondoa wa mwenzake. Sasa diski imejaa na masasisho hayaingii. Kamati nayo imegawanyika. Wapo wanaotaka kila cha zamani kifutwe leo hii, na wapo wanaosema kisiguswe hata kimoja, kwa kuwa hakuna ajuaye lini kitahitajika. Anauliza: ni ipi njia iliyo sawa?

Swali hili si la shule moja. Leo misikiti, madrasa, zahanati na vyama vyetu vya kuweka na kukopa vinatunza habari za watu ndani ya kompyuta, na wengi wa wanaovisimamia hawajui kilichomo humo. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa kirefu kidogo, na kwa lugha ambayo mzee wa kamati na mama wa nyumbani wataielewa sawasawa na kijana aliyesomea fani hiyo.

Mabaki hutoka wapi

Programu yoyote haikai katika hali moja. Watengenezaji wake hugundua kasoro, huzirekebisha, kisha hutoa toleo jipya. Toleo jipya likishawekwa, mtu hudhani kwamba la zamani limejiondokea. Mara nyingi haliondoki.

Wakati mwingine hubaki kwa hekima. Mifumo endeshi ya seva kama Ubuntu na Debian, ikipokea kiini kipya cha mfumo, huacha cha zamani mahali pake, ili kipya kikigoma mashine iweze kuwashwa kwa kile kilichotangulia. Hiyo ni tahadhari njema. Ila kama hapana mtu wa kuangalia, viini hivyo huweza kulundikana, na kwa kuwa katika seva nyingi sehemu ya diski inayohusika na kuwasha mashine hutengwa ikiwa ndogo, hujaa upesi. Ikishajaa, masasisho ya usalama nayo hukwama. Hapo ndipo ilipofika shule ya ndugu yetu.

Wakati mwingine mabaki hutokana na hofu. Fundi hunakili folda nzima ya tovuti, huipa jina la “ya zamani” na kuiacha palepale, akisema ataifuta kazi ikitulia. Kazi hutulia, naye huondoka. Katika miji kama Kilwa Masoko, ambako fundi mara nyingi hutoka Lindi au Dar es Salaam, au hafiki kabisa na hufanya kazi yake kwa mtandao akiwa mbali, hakuna anayerudi kufagia.

Madhara yake

Kujaa kwa diski ndilo dhara jepesi kuliko yote, kwa sababu linaonekana. Lililo zito zaidi ni kwamba programu kuukuu ni mlango ambao mwenye nyumba amesahau kuwa anao. Kasoro za matoleo ya zamani hutangazwa hadharani ili watu wazirekebishe, na tangazo hilo hilo husomwa na wadukuzi. Aliye na toleo jipya amesalimika na kasoro hizo. Mwenye jipya na la zamani kwa pamoja, la zamani likiwa bado linaweza kufikiwa kwa mtandao, amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Ulimwengu uliliona hilo tarehe 12 Mei 2017, kilipozuka kirusi kilichoitwa WannaCry. Kilipita katika kasoro ya njia ya kizamani ya kompyuta za Windows kupeana mafaili, ambayo iliendelea kubaki ndani ya mashine ingawa njia mpya zilikuwapo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu mwezi Machi, na wengi hawakuyaweka. Huko Uingereza hospitali zilikuta kompyuta zimefungwa, na ofisi ya ukaguzi ya taifa hilo ilikadiria kuwa zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa ilivurugika. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani siku ile hakuwa na habari yoyote ya matoleo ya programu.

Dhara la tatu ni la mchanganyiko: amri iliyokusudiwa toleo jipya ikapokewa na la zamani, nalo likaitekeleza kwa namna yake. Hili watu wengi hawalidhanii, nalo ndilo lililoiangusha kampuni kubwa kwa muda wa chini ya saa moja.

Dakika 45 za Knight Capital

Knight Capital ilikuwa kampuni ya Marekani iliyonunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Hatuzungumzii hapa hukumu ya biashara hiyo; tunatazama yaliyotokea ndani ya seva zake. Kampuni hiyo ilikuwa na programu iliyoitwa Power Peg, ambayo iliacha kuitumia mwaka 2003. Haikuifuta. Ilibaki ndani ya seva miaka tisa, imelala.

Mwishoni mwa Julai 2012 mafundi wake walianza kuweka programu mpya kwenye seva nane. Saba zilipata programu hiyo, ya nane ikasahauliwa, na hapakuwa na mtu wa pili aliyewekwa kuhakiki kazi. Zaidi ya hayo, programu mpya ilitumia tena swichi ile ile ambayo zamani iliiamsha Power Peg. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa, seva saba zilifanya kazi kama zilivyoelekezwa. Ya nane ilipopokea amri, iliamka na programu ya mwaka 2003, ikaanza kununua na kuuza bila kukoma. Katika muda wa dakika 45 yalifanyika manunuzi na mauzo zaidi ya milioni nne. Hasara ilizidi dola milioni 460.

Mambo mawili katika mkasa huu yanastahiki kuzingatiwa na kila kamati. La kwanza: kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja kasoro hiyo, na hapana aliyezifanyia kazi. Barua zilitumwa na mashine, na watu wamezoea kuzipita barua za mashine. La pili: walipoona mambo yanaharibika, mafundi walikimbilia kuifuta programu mpya kutoka zile seva saba zilizokuwa salama. Ya zamani ikaamka katika seva zote, na hasara ikazidi.

Kampuni hiyo iliokolewa kwa fedha za wawekezaji wengine, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni nyingine. Oktoba 2013 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliitoza faini ya dola milioni 12. Basi makundi yote mawili ya kamati ya Kilwa Masoko yanayo sehemu yao katika kisa hiki. Waliosema kisiguswe kitu wanaiona Power Peg iliyoachwa miaka tisa. Waliosema kila kitu kifutwe leo wanaziona zile seva saba.

Hoja ya “ya kale dhahabu”

Wazee wetu wametuambia tusiache mbachao kwa msala upitao, na wakasema ya kale dhahabu. Wakazi wa Kilwa wana haki ya kuyasema hayo kuliko wengi, kwani ng'ambo ya bahari yao, Kilwa Kisiwani, umesimama Msikiti Mkuu ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, na magofu yake yametambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Sarafu za shaba zilizopigwa kwa majina ya masultani wa Kilwa zimeokotwa hadi visiwa vya kaskazini mwa Australia. Nani atathubutu kusema zitupwe?

Hakuna. Lakini tutazame sarafu hizo ziko wapi. Ziko katika makumbusho, zimeandikwa na kulindwa, na anayeziona anajua ni za kale. Lau sarafu ya sultani ingalikuwa bado inazunguka katika soko la Kilwa Masoko pamoja na shilingi, mtu mmoja aipokee na mwingine aikatae, kungekuwa na ugomvi kila siku. Cha kale kilichohifadhiwa ni kumbukumbu, hakitoi amri kwa mtu. Programu kuukuu iliyoachwa ndani ya seva bado inaitika ikiitwa. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa ndugu yetu ni hili: toeni nakala ya cha zamani, iwekeni mahali salama nje ya seva, kisha kiondoeni pale kinapoweza kuamka.

Utaratibu wa kufuta katika historia yetu

Waislamu si wageni wa jambo hili. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kwamba Hudhayfa bin al-Yaman (R.A.) aliporejea kutoka vita vya Armenia na Azerbaijan, alimweleza Khalifa Uthman bin Affan (R.A.) hofu yake juu ya watu wa Sham na wa Iraq kutofautiana katika kisomo. Uthman hakuanza kwa kuchoma. Aliomba kwa Bi Hafsa (R.A.) kurasa zilizokusanywa zama za Abubakar (R.A.), akawakabidhi kazi ya kunakili Zayd bin Thabit na wenzake watatu, kisha akamrejeshea Bi Hafsa kurasa zake. Akapeleka nakala katika kila upande wa dola. Baada ya hayo ndipo akaamuru maandiko mengine yachomwe.

Hatufananishi Kitabu cha Allah na kazi ya mikono ya watu, na tunajilinda kwa Allah na hilo. Tunachojifunza ni adabu ya kazi: asili ihakikiwe, wapewe kazi wanaoijua tena wawe zaidi ya mmoja, asili ihifadhiwe kwa mwaminifu, kilicho sahihi kifike kila mahali, na mabaki yaondolewe mwisho. Kampuni ya Marekani yenye mamilioni ya dola ilianguka kwa kuacha yale ambayo maswahaba waliyatekeleza pasi na kompyuta.

Hatua za kufuata

Kwa shule ya Kilwa Masoko na taasisi zilizo mfano wake, tunashauri yafuatayo kwa mpangilio wake.

Kwanza, iandikwe orodha katika daftari la kamati: ni programu gani zimo, za toleo lipi, aliziweka nani, na ni nani anazitumia. Kisichojulikana kazi yake kiandikwe hivyo hivyo, kisifutwe kwa kukisia.

Pili, ijulikane ni lipi linalofanya kazi sasa. Katika seva za Linux, amri ya uname -r huonyesha kiini kinachotumika wakati huo. Hicho hakiguswi, na kilichotangulia kibakishwe kimoja kwa tahadhari.

Tatu, itolewe nakala ya akiba, ambayo wataalamu huiita chelezo, katika diski ya nje, na diski hiyo ikae jengo jingine, mbali na unyevu na chumvi ya bahari. Kisha chelezo ijaribiwe kwa kuirejesha katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Nne, programu izimwe kabla ya kufutwa, na izimwe muda wa kutosha. Taasisi zetu zina kazi za msimu. Programu inayoonekana haina mtumiaji mwezi wa Muharram huenda ndiyo inayotumika Ramadhani kuorodhesha wanaostahiki zakatul-fitri, au mwisho wa muhula kutoa ripoti za wanafunzi. Wakiulizwa mweka hazina na mwalimu wa taaluma, mengi hubainika.

Tano, iondolewe kwa njia yake yenyewe. Ubuntu na Debian zina amri ya apt autoremove, ambayo huorodhesha vilivyobaki bila kazi na kuomba idhini. Orodha hiyo isomwe mstari kwa mstari kabla ya kukubali. Kufuta mafaili ya mfumo kwa mkono huacha mizizi ardhini. Wenye tovuti za WordPress wajue kwamba kuizima programu-jalizi si kuiondoa, kwani mafaili yake bado yamo na huenda yakafikiwa kutoka nje. Na zile folda za “ya zamani” zisikae kamwe ndani ya sehemu ya tovuti inayoonekana na umma.

Sita, yaondolewe yanayofuatana nayo: akaunti za mafundi walioondoka, nywila zao, hifadhidata za majaribio na kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe usiku. Mara nyingi programu huondoka na funguo zake zikabaki.

Saba, awepo mtu mwaminifu mbele ya mashine siku ya kazi, hata kama fundi yuko mbali. Watu wa Kilwa hawajasahau Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi ndani ya wilaya yao, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za Seacom na EASSy zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Fundi anayefuta kwa mbali, kisha mtandao ukakatika katikati ya kazi, huiacha seva haijulikani ipo hali gani.

Dhima ni ya nani

Wengi husema hayo ni mambo ya kijana wa kompyuta. La hasha. Fundi ni mwajiriwa, naye huja na kuondoka. Waliokabidhiwa amana ni kamati. Qur'an Tukufu katika Surat an-Nisaa imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na habari za watu ni amana kama zilivyo fedha zao. Katika seva ile mna jina la mjane anayepokea msaada na hataki jirani ajue. Mna jina la mfadhili aliyeficha sadaka yake akitaraji kuwa miongoni mwa wale saba watakaopewa kivuli siku isiyo na kivuli ila cha Allah. Toleo kuukuu lisilolindwa linaweza kuwafedhehesha wote wawili kwa usiku mmoja.

Sheria ya nchi nayo imelizungumza jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili, wazilinde, na wasizihifadhi kupita muda unaohitajika. Orodha ya wanafunzi iliyosahauliwa ndani ya mfumo wa fundi wa kwanza, ambao hakuna anayeutumia, ni mzigo mbele ya Allah na mbele ya sheria.

Kwa hiyo kamati iweke sharti katika kila mkataba: anayeleta mfumo mpya ndiye atakayeuondoa wa zamani kwa utaratibu tuliousema, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka wajumbe wawili wamehakiki na kutia saini. Itengwe siku moja kila baada ya miezi mitatu ya kulipitia daftari. Na arifa zinazotumwa na mashine zipewe mtu maalumu wa kuzisoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wazazi nao wana sehemu yao. Simu na kompyuta za nyumbani zimejaa programu zisizotumika, zenye ruhusa ya kuona picha na namba za familia. Mzazi na mwanawe wakikaa pamoja siku moja, wakaondoa yasiyohitajika na kusasisha yaliyobaki, mtoto atajifunza mapema kwamba usafi hauishii katika sakafu na nguo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Na leo, sehemu kubwa ya njia wanazopita watu wetu imo ndani ya mashine hizi.

Tunawausia wajumbe wa kamati wasigombane kwa jambo ambalo kila upande umeshika nusu ya haki. Hifadhini, kisha ondoeni. Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana, asitiri aibu zetu na za waliotuamini. Amin.

Wabillahi tawfiq.